Besi Iliyopotea Free Area

Kila Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa kina Mitchelle katika mtaa wa Free Area, Nakuru, kila mtu alijua kazi yake. Mama alifua. Baba aliosha baiskeli aliyoendea kazini kwenye kiwanda cha unga. Naye Mitchelle, msichana wa miaka kumi na miwili aliyekuwa Gredi ya Saba, alipanguza vumbi sebuleni. Vumbi la Nakuru nalo halina adabu. Ulipanguze saa mbili, saa nne limesharudi limekaa pale pale.

Kitu kilichopanguzwa kwa heshima kuliko vyote kilikuwa amplifaya ya Babu. Ilikuwa sanduku zito la rangi ya fedha, lenye vifundo vikubwa vya kuzungusha na sindano mbili zilizorukaruka muziki ulipolia. Babu aliinunua zamani, alipokuwa fundi wa reli, na alipofariki ikabaki kwa Baba pamoja na deki ya kanda na spika mbili zilizomfikia Mitchelle kifuani. Baba alikuwa na sheria moja tu kuihusu.

"Panguza mbele, panguza juu. Nyuma kwenye nyaya, usiguse."

Mitchelle hakuipenda amplifaya ile hata chembe. Kwa kina Cheruto, rafiki yake wa nyumba ya pili, walikuwa wamenunua mpya yenye taa za buluu na nyekundu, tena inayoshika wimbo kutoka kwenye simu bila waya wowote. "Yenu ingepelekwa makumbusho," Cheruto alimwambia siku moja akicheka. Mitchelle alicheka pia, lakini maneno yale yalimuuma sana.

Basi Jumamosi moja ya mwanzo wa likizo ya Aprili, Cheruto alichungulia mlangoni na simu ya dada yake mkononi.

"Niaje, Mitch! Mamako yuko wapi?"

"Anaanika nguo."

"Poa. Tucheze ile dansi yetu, nirekodi haraka haraka."

Sebule ilikuwa ndogo, na dansi ilihitaji nafasi ya kurusha mguu. Wakaisukuma spika moja kando. Spika ikakwama, wakaisukuma tena kwa nguvu, na nyuma yake kukasikika *tap, tap*. Nyaya mbili zilikuwa zimechomoka.

"Haiya!" alisema Cheruto, na papo hapo akakumbuka kwamba mama yake alikuwa akimwita. Akatoka mbio, simu na yote.

Mitchelle akabaki peke yake na nyaya mkononi, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Spika nayo ilikuwa na matundu mawili, moja lenye duara jekundu, jingine lenye duara jeusi. Mtu asiye na haraka angeelewa mara moja. Lakini Mitchelle alisikia malapa ya Mama yakija, pata-pata-pata, akachomeka mwekundu kwenye tundu jeusi na mweusi kwenye tundu jekundu, akairudisha spika mahali pake, akashika kitambaa na kuanza kupanguza ukuta. Ukuta! Watoto nao.

Mama alipoingia jikoni, Mitchelle aliwasha muziki kidogo kujaribu. Sauti ikatoka. "Si inaimba?" akajiambia. Ndipo alipoona: nyuma ya spika, rangi zilikuwa zimekosana. Angeweza kurekebisha. Lakini Mama alikuwa hapo karibu, sauti ilikuwa inatoka, basi akaona heri aache.

Jumapili baada ya kanisa, Baba alivua koti, akaweka muziki, akaketi. Baada ya muda akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Mama Mitchelle, njoo usikie. Muziki umekonda."

"Muziki haukondi," Mama alijibu kutoka jikoni. "Ni masikio yako, Baba Mitchelle. Umri unaingia."

Ah! Maneno hayo yalimchoma Baba. Wiki nzima hakutulia. Alizipandisha spika kwenye stuli, akazishusha. Aliiweka moja juu ya sufuria kubwa ya Mama ya kupikia wageni, na Mama akaongea kuhusu sufuria hiyo siku tatu. Jumatano akaenda zahanati kupimwa masikio. Muuguzi alisimama nyuma yake akamnong'onezea maneno ayarudie: ugali, sukuma, maharagwe. Baba aliyapata yote, akarudi nyumbani ameinua kifua.

"Masikio yangu ni ya kijana! Muuguzi mwenyewe amesema."

"Basi mbona nikikuita ukachote maji husikii?" akauliza Mama.

Mahali pamoja tu ndipo Baba hakupatazama, napo ni nyuma kwenye nyaya. Angepatazamia nini? Si sheria ilikuwapo?

Mitchelle aliyaona hayo yote, na mwanzoni alijiona mkosaji. Lakini siku ya tano wazo likamjia, na lilikuwa wazo baya lenye sura nzuri.

"Baba," alisema wakila, "labda ni amplifaya yenyewe imezeeka. Hata mwalimu wetu wa sayansi alituambia vitu vya umeme huchoka."

Mwalimu alikuwa akizungumzia betri za tochi. Hilo Mitchelle hakulisema.

Baba akaacha kutafuna. Kesho yake akapitia mjini, kwenye duka moja la vyombo vya muziki, na akarudi akiwa na macho ya mtu aliyeona ajabu. Mwenye duka alikuwa amemwambia, "Mzee, hiyo yako ilikuwa moto enzi zake. Ilete, uongeze kitu kidogo, uondoke na ya kisasa."

Basi ukaanza msimu wa Baba kuamua. Asubuhi alisema, "Nimeamua, nabadilisha." Jioni alisema, "Hapana, hii ni ya mzee wangu, siwezi." Akinyoa, anabadilisha. Akifunga viatu, habadilishi. Mama alichoka kabisa.

"Joash! Hata mimi ulinichagua kwa siku moja, na mimi naongea zaidi ya hiyo mashine!"

Mwishowe akaamua: Jumamosi angeipeleka. Mitchelle alikwenda kulala akiota taa za buluu.

Ijumaa akafika Kukhu, mama yake Baba, kutoka Webuye, na kuku mmoja wa zawadi aliyekuwa na hasira ya safari. Kukhu alikuwa mfupi, mchangamfu, na alikuwa na desturi moja. Kila alipokuja Nakuru, kabla hata ya chai, aliwekewa kanda ya kwaya ya kanisa lao la zamani la mtaa wa reli, ile ambayo Babu aliimba besi. Kukhu aliisikiliza akiwa amesimama wima, kwa sababu, alisema, huwezi kumsalimia mume wako ukiwa umeketi.

Baba akaweka kanda. Kwaya ikaanza. Kukhu akasimama, akatabasamu, akafumba macho.

"Huyo ni Rasoa," akasema. "Sauti ya juu kama filimbi, na alijiona sana. Huyo ni Zakayo, hajawahi kupata noti hata moja, Mungu amsamehe. Huyo ni..." Akafumbua macho. Akasogea karibu na spika ya kulia, kisha ya kushoto, kisha akasimama katikati ya sebule akiwa amekunja uso.

"Joash, baba yako yuko wapi?"

"Yumo humo, Mama."

"Hayumo. Zakayo yumo, hata kukohoa kwake kumo. Mzee wangu hayumo."

Baba akakuna kichwa. Akaeleza kwamba amplifaya imechoka, imepoteza besi, na kwamba kesho yake angeleta nyingine. Kukhu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi. Mitchelle hakuwahi kumwona akiketi kanda ikilia.

"Hiyo nyingine itamleta?" aliuliza. "Yeye ndiye aliyeinunua hii. Nilimzika mara moja kule Webuye, sasa nimekuja kumzika tena Nakuru." Akaomba chai.

Siku hiyo Mitchelle aliusukuma ugali wake pembeni. Alitaka kusema, akaona aibu. Akataka kwenda kuzigeuza nyaya kimyakimya, lakini Kukhu alitandikiwa godoro pale pale kando ya spika. Hata ndoto ya taa za buluu haikurudi.

Jumamosi asubuhi Baba aliifunga amplifaya kwa leso ya Mama, akaikumbatia kifuani kama mtoto anayepelekwa kliniki, akamwambia Mitchelle amfungulie lango na kumsindikiza. Kabla ya kwenda mjini walipitia kwa Fundi Kipkemoi, mtengeneza redio mwenye kibanda kando ya barabara, ili aipulize vumbi isimtie Baba aibu dukani.

Fundi Kipkemoi alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliipuliza, akaikagua, kisha akaiunganisha na spika yake mwenyewe na kuzungusha kifundo kimoja.

*Dum! Dum! Dum!*

Mabati ya kibanda yakatetemeka. Kopo la skrubu likaanguka. Kuku watatu waliokuwa wakichakura mlangoni wakatimua mbio kila mmoja na njia yake.

"Baba Mitchelle," Fundi alisema akiizima, "unauza mgonjwa gani? Mashine hii ni nzima kuliko mimi na wewe."

Uso wa Baba ukang'aa.

"Basi nimejua! Shida ni spika! Hizo ndizo zimekufa! Mitchelle, tutabadilisha vyote, spika na amplifaya, tuanze upya kabisa!"

Moyo wa Mitchelle uliruka. Vyote! Cheruto angekoma. Alichohitaji ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amekuzoea kwa wiki mbili. Akaitazama leso ya Mama pale mezani. Akamkumbuka Kukhu akiketi.

"Baba," alisema, na sauti ikamtoka ndogo sana, "spika si mbovu. Shida ni mimi."

Akaeleza yote: dansi, nyaya, malapa ya Mama, rangi zilizokosana, hata betri za tochi. Alipomaliza machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye viatu. Baba akayashika masikio yake.

"Na masikio yangu niliyoyapeleka zahanati?"

"Pole, Baba."

"Na sufuria ya mamako? Siku tatu nimesemwa!"

Fundi Kipkemoi akageuka upande, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alipotulia akawaeleza. "Spika mbili hufanya kazi pamoja. Zinasukuma hewa pamoja, zinavuta pamoja. Ukizigeuza nyaya za moja, hii ikisukuma ile inavuta. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu ndani, huyu nje. Nguvu ipo, lakini mlango hauendi popote. Sauti nyembamba hupenya, ila besi huuana zenyewe kwa zenyewe." Akamrudishia Baba amplifaya. "Dawa yake ni dakika mbili. Na aliyeharibu ndiye atengeneze."

Walirudi nyumbani. Kukhu alikuwa nje na Mama wakichambua mboga. Baba aliunganisha amplifaya, akakunja mikono, akasimama. Mitchelle akapiga magoti nyuma ya spika. Mwekundu kwa jekundu. Mweusi kwa jeusi. Akakagua mara tatu, akaweka kanda, akabonyeza.

Rasoa akaimba kama filimbi. Zakayo akakosea. Na chini yao wote ikaja sauti nzito, pana, iliyotikisa vikombe kabatini.

Kukhu alitokea mlangoni na rundo la mboga mkononi. Majani yakamwanguka moja moja, asiyaone. Akatembea mpaka katikati ya sebule, akasimama wima.

"Ulikuwa wapi wewe?" aliiuliza spika kwa ukali. Kisha akaanza kucheka huku machozi yakimtiririka. "Msikieni! Bado anaanza kabla ya wenzake! Miaka yote nilimwambia angoje, hangoji!"

Wimbo ulipokwisha, Mitchelle alimwendea, akaungama kwake pia, hata tamaa ya taa za buluu na maneno ya fundi. Kukhu alimkalisha kando yake.

"Mjukuu wangu, kuchanganya nyaya ni kosa la mara moja. Mimi mwenyewe nimewahi kutia chumvi kwenye chai ya mchungaji. Kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa dakika mbili, fundi amesema. Lakini wewe ulilifunika, na kulifunika ukaongeza uongo. Nyaya hazikumnyamazisha babu yako wiki mbili. Ni wewe. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, likiwa bado dogo."

"Nimesikia, Kukhu."

"Na leo ulisema kabla ya kuulizwa, wakati kunyamaza kungekuletea taa zako. Hapo nimekuona mtu."

Baba naye akatoa hukumu: mwezi mzima bila dansi, na sufuria ya wageni ingesuguliwa na Mitchelle mpaka Mama aridhike. Kuhusu amplifaya, hakukuwa na la kuamua tena. Itabaki mpaka siku itakapokufa yenyewe.

Jioni Cheruto alichungulia mlangoni, akaisikia besi ikitingisha sakafu, akaingia taratibu akiwa ameshika kifua.

"Mitch, hii ni ile ile ya makumbusho? Mbona yetu haifanyi hivi?"

"Yenu ina taa," Mitchelle alimjibu akiendelea kusugua sufuria. "Njoo ushike kitambaa. Ile spika tuliisukuma sote."