Nimesoma, Kula Tu

Jumamosi asubuhi kazi yangu ni kusafisha cherehani ya Mama. Nafuta vumbi la nyuzi, natia mafuta, naokota vipande vya vitambaa sakafuni. Mama ni fundi wa nguo za kike, na siku hizi macho yanamgomea. Ile namba ndogo iliyochongwa kwenye sindano haioni kabisa. Basi hufungua kamera ya simu, akaikuza picha mpaka namba inakuwa kubwa kama ya mlangoni, kisha husema, "Kumi na sita. Hii ndiyo ya jinzi." Wateja humtania, naye hucheka nao.

Jumamosi moja alitoka na simu yake kwenda kumjaribisha bibi harusi gauni. Nilibaki na Pacha. Si ndugu yangu, ni jirani tu, ila tumeandamana tangu chekechea hadi watu wakatubandika jina hilo. Pacha alijua mambo yetu yote ya nyumbani, na zaidi alijua kwamba karanga kwangu ni sumu. Nikila hata kidogo navimba na pumzi inabana. Ndiyo maana hakuna cha pakiti kinachoingia kinywani mwangu kabla ya kusomwa.

Alikuja na biskuti za aina mpya. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa mafuta ya cherehani.

"Nisomee hapo nyuma," nikamwambia.

Akaigeuza pakiti, akaitazama. "Hakuna karanga. Nimesoma, kula tu." Akanitia biskuti mdomoni.

Ya pili sikuimaliza. Midomo iliniwasha, koo likakaza. Pacha alitoka mbio kuita watu, na fundi viatu wa mlango wa pili akanibeba hadi zahanati. Nilichomwa sindano. Mama alipofika pumzi ilikuwa imerudi, lakini uso ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Mama alikuwa amepita nyumbani kuichukua ile pakiti. Akaielekezea kamera, akaikuza. Unga wa ngano, sukari, mafuta, karanga za kusaga.

Zilikuwa zimeandikwa, tena waziwazi, ila kwa herufi ndogo. Nililia, na si kwa maumivu. Angekuwa mtu baki ningesema ni bahati mbaya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi kilinilisha kwa mkono wake.

Jioni nikiwa nimelala nyumbani, Pacha alikuja kunitazama. Nikageukia ukutani.

"Ulisema umesoma," nikamwambia.

Mama hakumkaripia. Alimpa pakiti tu. "Hebu nisomee, mwanangu."

Pacha akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akafinya macho. "Unga," akasema. "Sukari."

"Hapo unaposoma ni anwani ya kiwanda," akamwambia Mama, aliyekwisha kuipitia pakiti nzima kwa kamera.

Pacha akaangua kilio. "Sioni, Mama. Herufi ndogo zinachanganyikana. Hata kitabu cha sayansi huwa nakariri mwenzangu anapokisoma. Niliogopa wataniita Macho Manne."

"Ungeniambia mimi," nikasema. "Wengine sawa, lakini mimi?" Hilo ndilo lililoniuma kuliko sindano. Aliona heri nile sumu kuliko yeye aone haya.

Mama akamshikisha simu. "Tanua kwa vidole viwili, hivi." Pacha akaikuza picha, akasoma neno moja moja. Alipofika kwenye karanga za kusaga, sauti ikamkatika.

"Kutoona si kosa," Mama akasema. "Mimi mwenyewe sioni, na mtaa mzima unajua. Kosa ni kusema umeona. Mtu akikuomba umsomee, amefumba macho yake akatumia yako. Sema sioni, mtafute simu, miwani au mtu mwingine. Aibu ya dakika moja haijamzika mtu. Jumatatu mimi na mama yako tutakupeleka ukapimwe macho." Kisha akanigeukia. "Na wewe, sabuni ipo. Siku nyingine nawa mikono, usome mwenyewe."

Pacha alisogea karibu na kitanda. "Nisamehe, Pacha."

Nilimwangalia. Macho yalikuwa yamemvimba karibu kama yangu.

"Nitakusamehe," nikasema. "Ila si leo."

Akaitikia kwa kichwa, akaketi palepale kwenye mkeka, wala hakuondoka mpaka mama yake alipomwita.