Hatua za Mlinzi

Walikutana Jumamosi kwenye ngazi za jengo la maduka ya vitambaa, watu wakisukumana juu na chini. Mwanamume alikuwa ameegemea ukuta wa ghorofa ya pili, shati jeupe la pasi limemganda mgongoni. Mwanamke alikuwa akipanda na jora la kitambaa cheusi begani, gauni la kijani limemkaa sawasawa, hana hata tone la jasho.

"Kaka, unapumzika au unakata roho?"

"Napumzika, dada," alijibu akihema. "Kukata roho ningetafuta mahali penye nafasi."

Mwanamke alicheka, akampa chupa yake ya maji. Mapenzi yao yakaanzia hapo.

Mwanamke alikuwa fundi cherehani. Alishona majoho ya mahakimu na sare za shule. Mwanamume alikuwa karani wa mahakama, mtu wa miaka arobaini na minne, anayeketi tangu asubuhi akiandika maneno ya watu wengine. Fundi alikuwa mjane. Mumewe alianguka bafuni miaka sita nyuma, baada ya mwaka mzima wa kusema "niko salama" kila alipohimizwa akapime presha. Fundi alimweleza karani habari hiyo mapema, bila machozi, ili ajue anampenda mtu wa namna gani.

Mwezi wa tano wa mapenzi yao fundi alimnunulia karani saa ya mkononi, ile inayohesabu hatua, usingizi na mapigo ya moyo, kisha hesabu zikaonekana kwenye simu zao wote wawili. Alimfunga mwenyewe mkanda wake wa buluu, akashona na kishikizo kidogo cha uzi mwekundu ili usilegee.

"Mama Vipimo! Kwani futi haikutoshi?" karani alitania.

"Futi inapima nje, mpenzi. Mimi nataka ya ndani."

Saa ilimsaidia kweli. Alianza kwenda kazini kwa miguu, akaacha soda za mchana, akawahi kulala. Kila jioni simu ililia.

"Elfu sita leo!"

"Nimeziona, kipenzi. Ila jana umelala kidogo. Ulikuwa unawaza nini?"

"Wewe."

"Basi niwaze mchana, usiku ulale."

Kisha hatua zikapaa. Elfu kumi na mbili, elfu kumi na tano, wiki tatu mfululizo. Usiku karani aliivua saa, akasema anaichaji. Fundi alifurahi hata akawa anaimba juu ya cherehani.

Siku moja alipeleka joho la hakimu mahakamani. Mlinzi wa geti, mtu mzima mwenye kofia iliyopauka, alinyoosha mkono kupokea kitambulisho. Kwenye kifundo cha mkono huo kulikuwa na mkanda wa buluu wenye kishikizo cha uzi mwekundu.

"Saa nzuri," fundi alisema taratibu.

"Ya karani wetu, dada. Ananipa asubuhi, namrudishia jioni. Anasema nizunguke nayo tu, nami kuzunguka ndiyo kazi yangu."

Fundi aliliacha joho pale getini, akaondoka. Jioni ile karani alipopiga simu, alimjibu mara moja tu.

"Kama umechoka kutembea, ungesema. Kwa nini unifanye mjinga?"

"Nisikilize, mpenzi..."

Akakata. Siku tisa hakupokea. Alishona sare, akafumua, akashona tena. Aliamini mwanamume huyu naye ni wa "niko salama", na kwamba alikuwa akimcheka pembeni kwa woga wake.

Siku ya kumi, mchana, karani aliingia kwenye karakana. Alikuwa amekonda. Hakuketi.

"Sikuwa mvivu," alisema. "Saa ilianza kunipa onyo kwamba mapigo hayaendi kwa mpangilio. Onyo lilikuja kwangu tu, wewe hukuliona. Mara ya kwanza nikalifuta. Mara ya tatu nikashindwa kulala. Baba yangu hakufika hamsini, na ilikuwa moyo. Nikaona nikikwambia, utaanza kuniangalia kama maiti."

Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Kwa hiyo ukanipa moyo wa mlinzi," fundi alisema. "Wiki tatu nimelala kwa amani kwa ajili ya moyo wa mtu nisiyemjua. Na wa kwako uko hivyo hivyo, haujapimwa?"

"Haujapimwa."

"Hukumhurumia mjane. Umetaka kumfanya mjane mara mbili, tena bila taarifa."

Karani aliinamisha kichwa. Fundi alivua futi shingoni, akachukua mkoba.

Hospitalini walimvua shati, wakambandika nyaya kifuani. Daktari alitazama mistari kwenye karatasi kwa muda mrefu.

"Saa haikukwambia unaumwa nini," alimwambia. "Ilikwambia uje. Umechelewa, ila hujachelewa sana. Dawa kila siku, pengine maisha yako yote. Chumvi kidogo, usingizi wa kutosha, na utembee kwa miguu yako mwenyewe, polepole. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Walitoka, wakaketi kwenye benchi la korido, cheti cha dawa kikiwa kati yao. Wagonjwa walipita, muuguzi akiita majina.

"Nakuachia uhuru wako," karani alisema. "Ulishazika mume mmoja. Sina haki ya kukuomba zaidi."

"Nani amekuomba uniachie?" Sauti yake ilitetemeka kwa mara ya kwanza. "Nilimzika mtu aliyeniambia yuko salama. Sikulia kwa sababu amekufa tu. Nililia kwa sababu hakunipa nafasi ya kuogopa pamoja naye."

Karani alikikunja cheti cha dawa, akakikunjua.

"Naogopa," akasema. "Naogopa sana."

"Haya. Hapo sasa tunaongea."

"Na kama nikikuomba uolewe na mtu wa namna hii?"

Fundi alimtazama: ndevu ambazo hazikunyolewa, kola iliyokunjamana, macho mekundu.

"Nitakubali," alisema. "Lakini inuka. Dirisha la dawa linafungwa saa tisa, na hapa tulipo ni saa tisa kasorobo."

Wakainuka, wakaelekea huko kwa mwendo alioutaka daktari.