Paa la MaNgcobo

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la vifaa vya ujenzi katikati ya Pietermaritzburg halina hata pa kuweka mguu. Zama Ngcobo alikuwa kwenye foleni ndani ya gauni lake la njano la kubana kiuno, nywele kazisuka mwenyewe, akiyalinda mabati yake mapya yaliyong'aa mpaka yakaumiza macho. Yalikuwa ya saluni yake, saluni ya kwanza maishani mwake, nyuma ya nyumba ya mama yake kule Edendale. Alikuwa na furaha yake, ndipo mtu akaja kumtilia mchanga.

"Dada, ungechukua na kopo la rangi nyeusi. Bati likiachwa hivyo, ukiwa juu unaliona kama maji."

Zama aligeuka. Aliyesema alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli la vumbi la mbao na kovu jeupe shingoni.

"Nimekuuliza?"

"Hapana."

"Na huko juu nani anaangalia? Wewe ndege?"

Kijana aliinamisha macho, akacheka kwa haya. Kabla hajajibu, akatokea mwingine, suti ya kijivu, manukato yamemtangulia. "Msamehe binamu yangu Phakade, bibie. Huyu akiachiwa atalipaka hata jua rangi nyeusi. Mimi naitwa Mqhele. Mrembo kama wewe acha ung'ae."

Basi Mqhele ndiye aliyebeba mabati kwa pikapu yake, na Phakade, ambaye ni seremala, ndiye aliyeyapigilia misumari. Wiki haijaisha, namba ya Zama ilikuwa kwenye simu zote mbili, na wala hakuona haya. Kwa nini aone? Wanaume wa mji ule wanatongoza watatu watatu na hakuna anayewauliza.

Mqhele alikuwa wa simu. "Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mqhele, nina kichwa cha mtu hapa, nusu kimesukwa nusu kimesimama. Nitakupigia."

"Mwambie huyo mteja anakaa kwenye kiti cha mke wangu."

"Mke wa nani? Kata simu, muongo wewe!" Alikata yeye, lakini akicheka.

Phakade hakuwa mtu wa simu. Alikuja saluni na maandazi ya moto, akakaa kwenye benchi la wateja, akawaacha wamtanie mpaka wachoke. Zama alijikuta anamngojea. Mikono ya Phakade ilikuwa na joto lisilo la kawaida na nguo zake zilinuka mvua hata siku za jua.

Jumapili moja alimpeleka kwenye vilima vya Howick, mahali pasipo na watu, akamwambia, "Nikikuonyesha kitu, usikimbie." Akavua shati. Ngozi ikaota magamba, mgongo ukarefuka, mbawa zikafunguka, na shingo ikawa ndefu, yenye kichwa kama cha farasi na kovu jeupe palepale pake. Lilikuwa joka lenyewe, inkanyamba, lile la dhoruba ambalo mama yake, MaZondi, alimtisha nalo tangu utotoni, linaloshukia mapaa yanayong'aa likidhani ni maji. Zama alilitazama usoni. Macho yalikuwa ya Phakade.

Aliporudi kuwa mtu, swali la kwanza lilikuwa hili: "Kwa hiyo ni nyie mnaong'oa mapaa ya watu?"

"Mimi sijawahi."

"Na Mqhele?"

"Naye ni joka," alisema Phakade, akawa anafunga vifungo taratibu mno. Alikuwa na neno jingine mdomoni, akalimeza. Zama aliliona akilimeza, lakini siku ile alikuwa anapenda, akaliacha lipite.

Dhoruba ilikuja mchana wa siku ya kazi. Zama aliwatoa wateja mbio, taulo zikiwa bado vichwani, na alipoinua macho aliona joka limeyang'ang'ania mabati yake kwa kucha. Shingoni lilikuwa na kovu jeupe. Mara paa lote likanyanyuka, misumari ikalia, likaenda. Mvua ikamwagika juu ya vioo, viti na nywele za bandia alizozinunua kwa jasho lake.

Alimpigia akiwa amelowa chapachapa. "Nimekukosea nini, Phakade?"

"Zama, mpenzi, nisikilize…"

"Nimekuona! Kwa macho yangu mawili! Nimekupa moyo, ukataka na paa?"

"Siwezi kuongea kabla mkubwa wangu hajaongea. Nipe…"

"Basi kaa kimya maisha yako yote." Akaifunga namba yake, akalia kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Jumamosi iliyofuata, sauti za wanaume zikaita getini: "Fuze! Mapholoba! Tunaomba kuingia!" Walikuwa washenga, wamevaa makoti yao ya heshima, wakitaja sifa za ukoo wa Ngcobo mpaka baba mkubwa wa Zama akawafungulia. Mzungumzaji wao alikaa, akakohoa.

"Tumetumwa na kijana wetu Mqhele. Huyu binti tayari ni wetu. Kwetu, anayeng'oa paa ndiye mwenye mwali. Mdogo wake, yule mwenye kovu, alijaribu kulizuia, akalishikilia mpaka viganja vikachanika, lakini mkubwa ndiye hutangulia. Mkikubali, tutaezeka vigae vyekundu. Mkikataa, saluni na ibaki inatazama mbingu."

Baba mkubwa akamwita Zama, kama desturi inavyotaka. Binti huulizwa kama anawajua wageni; akisema anawajua, maongezi yanaanza. Kwa kawaida binti huitikia akitazama mkeka, na kila mtu anatabasamu.

"Mwanangu, unawajua watu hawa?"

MaZondi alimkonyeza asiseme vibaya. Ni nani anayetaka ugomvi na majoka? Lakini Zama hakutazama mkeka. Damu ilikuwa imempanda mpaka masikioni.

"Mliniuliza lini?" alisema. "Mmekaa kwenu, mmenigawana kama paja la mbuzi, huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu atangulie, huyu anyamaze. Mnavunja kitu changu halafu mnanichumbia kwa kukitengeneza! Baba mkubwa, umeniuliza. Siwajui. Hata mmoja. Na huyo Mqhele mwambieni simjui."

Neno hilo likishasemwa, mazungumzo hayapo tena. Washenga walichukua kofia zao. Nje getini, Mqhele alikuwa ndani ya pikapu, suti yake mpya imepigwa pasi, akingoja kuitwa. Hakuitwa.

Jumatatu Phakade alikuja kwa miguu. Alikuwa anavuta mkokoteni wa mabati aliyoyaokota kando ya mto na kuyanyoosha moja moja, na viganja vyake vilifungwa bandeji. Juu ya mabati kulikuwa na kopo la rangi nyeusi.

"Usidhani nitakuonea huruma," Zama alisema.

"Sijaja kwa huruma."

"Ulijua desturi yenu?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilimwogopa mkubwa wangu. Nimekosa, MaNgcobo."

"Mikono ulikuwa na ujasiri wa kuichana, mdomo ukashindwa kuufungua!" Sauti ilimtetemeka, na hilo lilimuudhi zaidi. "Sasa sema."

Phakade aliuachia mkokoteni. Wateja waliokuwa benchini waliacha kutafuna. "Nakupenda. Unanitaka?"

"Nitakujibu. Shusha mabati, nenda zako."

Alipigilia misumari Zama mwenyewe, MaZondi akishika ngazi na kunung'unika. Kisha akapaka rangi, bati baada ya bati, mpaka paa zima likawa jeusi kama sufuria ya kuni. Alipofika bati la mwisho, lililo juu ya mlango wa saluni, alifunika kopo.

"Hilo limebaki," MaZondi aliita kutoka chini. "Linang'aa."

"Naliona, mama. Hilo ni jibu la mtu."

Alasiri mawingu yakajikusanya, na joka lake lenye kovu jeupe likashuka taratibu, likakunja mbawa, likaweka kidevu juu ya bati lile moja. Zama alisimama mlangoni, kitana mkononi, akasikiliza. Hakuna hata msumari mmoja uliolia.