Kifuniko Hiki Si cha Sufuria

Mama Ukoko hakuwa mtu wa kuogopa moto. Alikuwa mpishi wa mafundi wa ujenzi, tangu jengo lao likiwa shimo tu. Sasa lilikuwa na ghorofa tatu. Wali wake ulikuwa na ukoko mwembamba, mkavu, na mafundi wazima wenye ndevu zao waliugombea kama watoto. Ndipo jina hilo likamganda.

Jikoni alifunua sufuria kwa kitambaa chenye maji, huku anacheka na kupiga soga. Mvuke ukimpiga mkononi, hakujali.

"Mikono hii imeshazoea," alikuwa akisema.

Kila siku, kabla ya saa sita, yeye na mumewe walipakia sufuria kwenye gari lao la zamani. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Asubuhi alishona, mchana alimsaidia mkewe kubeba. Mke ndiye aliyeendesha. Gari lenyewe lilikuwa na visa vyake. Mlango mmoja haukufunguka mpaka ubembelezwe. Na siku hizi liliacha matone ya kijani pale linapolala.

"Baba watoto, gari linavuja," Mama Ukoko alisema.

"Maji tu hayo," alijibu mumewe, uzi ukiwa mdomoni.

Alitia beseni chini ya gari kukinga matone. Kila asubuhi akaongeza maji ya bomba kwenye rejeta, tangi la maji ya kupoza injini. Kwa upande wake, kazi ilikuwa imekwisha.

Siku moja ya jua kali, walikuwa njiani na chakula. Mshale wa joto ulipanda hadi kwenye alama nyekundu. Mvuke ukaanza kutoka mbele ya gari. Mama Ukoko alisogea pembeni ya barabara, akazima injini.

Wiki iliyopita alichelewa, na msimamizi wa ujenzi alimwambia bila kumung'unya maneno, "Mama, watu wangu wakikaa na njaa tena, namchukua mpishi mwingine." Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba yake.

"Lete dumu la maji," alimwambia mumewe. "Tuongeze, tuondoke."

Alifungua boneti. Mvuke ukamjaa usoni, akageuza kichwa kidogo tu. Alichukua kitambaa chake cha jikoni, akakilowesha, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"We mama! Toa mkono hapo!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa jirani yao, dereva wa lori. Mtaa mzima ulimwita Dada Honi, na ukimsikia akiita hutauliza kwa nini. Alikuwa ameegesha lori kivulini, anapumzika. Alivuka barabara mbio, ndala moja mguuni, nyingine ameiacha huko huko.

"Nina haraka, mdogo wangu," alisema Mama Ukoko. "Nafungua kwa kitambaa, kama sufuria."

"Hiyo si sufuria. Nyumbani una presha kuka?"

"Ninayo. Ya maharage."

"Ikiwa inapiga mluzi, unaifungua?"

"Nina wazimu?"

"Basi rejeta nayo ni hivyo hivyo. Kifuniko kimebana. Maji ya ndani yana moto kuliko yanayochemka kwenye sufuria. Ukilegeza tu, yanakurukia usoni. Kitambaa hicho kitakusaidia mkono. Na macho je?"

Mama Ukoko alirudisha mkono. Aliogopa, tena aliogopa sana, yeye aliyezoea kusimama juu ya masufuria.

"Sasa nifanyeje? Watu wananisubiri."

"Subiri nusu saa. Pengine zaidi. Mpaka injini ipoe."

"Nusu saa! Si nitafukuzwa?"

"Mpigie simu huyo msimamizi, umwambie ukweli. Umewahi kumpigia kabla hujachelewa?"

Hakuwahi hata mara moja. Kawaida yake ilikuwa afike kwanza, ndipo aanze kuomba radhi.

Alipiga simu. "Bosi, gari limechemka. Chakula kiko tayari, lakini gari siwezi kuliondoa sasa hivi."

"Hivi ndivyo nilivyokuwa nataka siku zote, nijue mapema," alisema msimamizi. "Uko wapi? Natuma pikapu ichukue chakula."

Pikapu ilikuja. Fundi cherehani alipanda na sufuria, mwiko mkononi, macho yamemtoka pima. Hakuwahi kupakua chakula cha watu wengi maishani mwake.

"Na ukoko nimpe nani?" aliuliza.

"Waachie wenyewe wagombane!"

Wanawake wawili wakabaki kivulini.

"Usimwagie injini maji ya baridi ikiwa ya moto," Dada Honi alisema. "Chuma kinaweza kupasuka. Na usiweke mkono karibu na feni. Ya magari mengine huanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Na ukiona mvuke, hata boneti usiifungue mpaka uishe."

Mama Ukoko alimweleza kuhusu beseni.

"Maji ya kijani? Wazi, uani?" Dada Honi alishika kichwa. "Hiyo ni kulanti, maji ya kupoza injini. Ni sumu, tena ina utamu. Mtoto au paka akiilamba, ni balaa. Leo leo itieni kwenye dumu lenye mfuniko, muipeleke gereji. Msimwage mtaroni."

Baada ya muda mrefu, Dada Honi aligusa mpira mnene wa kupitishia maji, juu ya rejeta, kwa ncha ya kidole. Ulikuwa umepoa, na ulipobonyezwa ulikuwa laini.

"Sasa fungua wewe. Weka kitambaa kinene. Uso kando. Zungusha kidogo tu, usubiri."

Kifuniko kilitoa sauti ndogo, sss, kisha kikanyamaza. Mama Ukoko akakifungua chote. Alimimina maji safi polepole mpaka yakajaa. Dada Honi alimwonyesha ufa mdogo kwenye mpira wa chini.

"Matone yanatoka hapa. Leo maji yatatufikisha gereji, ni hapo mbele tu. Yangekuwa yanamwagika kwa kasi, tungelivuta. Maji matupu kila siku yanaleta kutu. Na kuongeza si kutengeneza."

Walikwenda taratibu, Mama Ukoko akiuangalia mshale. Ungepanda tena, angesimama tena. Haukupanda. Fundi wa gereji alibadilisha mpira na kutia kulanti ya aina inayofaa gari lile.

Jioni mumewe alirudi amechoka hoi. Mafundi walimtania kwamba anapakua wali kama anayepima kitambaa. Aliposikia habari ya kifuniko, hakucheka tena. "Ungeunguzwa kwa uvivu wangu," alisema. "Nisamehe, mama watoto." Alitoka akaliondoa beseni kabla hata ya kuketi.

Tangu siku hiyo, yeye ndiye anayekagua maji alfajiri, injini ikiwa baridi. Huangalia pia chini ya gari. Pakavu.

Jengo lilipokamilika, msimamizi alimwita Mama Ukoko pembeni. Alidhani anaagwa.

"Mwezi ujao tunaanza jengo la pili," alisema msimamizi. "Utatupikia?"

"Nitapika," alijibu Mama Ukoko, machozi yakimlenga. "Na siku gari likinisumbua, wewe utakuwa wa kwanza kujua."