Kipa Aliyejua Kuanguka

Dakika ya themanini na moja ya mechi yao ya kwanza, mbele ya watazamaji elfu kumi na nane, kipa alijilaza chini kwa heshima zote za mtu anayekata roho. Timu yake ilikuwa inaongoza kwa bao moja. Hakuna aliyemgusa.

Ndio uliokuwa utaratibu wa kocha wao, mama mwembamba asiyevua kofia ya jua hata mawingu yakitanda. Timu ikiongoza na wasichana wakianza kuhema, kipa anaanguka, wengine wanakimbilia benchi kunywa maji na kupokea maagizo. Waliufanyia mazoezi kama walivyozifanyia kona. Kipa mwenyewe, miaka kumi na tisa, aliitwa Komeo kwa jinsi alivyofunga lango, na katika mashindano yote ya kimataifa ya wasichana chini ya miaka ishirini hapakuwa na aliyeanguka vizuri kama yeye.

Machela ilifika mbio. Upande wa mbele alishika kijana wa miaka ishirini na miwili, fulana ya machungwa iliyompwaya, suruali nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi mpaka inatia huruma kupigia magoti. Siku zisizo na mechi alikuwa mwanafunzi wa kufunga plasta hospitalini. Upande wa nyuma alishika mjomba wake, muuguzi mstaafu.

"Unaumia wapi?" kijana aliuliza.

"Popote unapopenda," alisema Komeo, macho kayafumba. "Ila usiwe na haraka."

"Goti?"

"La kulia ni zima. Jaribu la kushoto, nalo ni zima."

Kijana akalikagua goti kwa uso wa mtu anayesoma wosia. Komeo akafumbua jicho moja. Alinukia dawa ya kuchua, nywele kasuka mistari minne, glavu zake za kijani zimelala kifuani kama za marehemu.

"Mgonjwa huyu atahitaji kufuatiliwa kwa simu," kijana alisema.

"Mwenzako anasikia."

"Ni mjomba wangu. Masikio yake si mazuri."

"Nasikia," alisema mjomba.

Komeo akataja namba. Kijana akaiandika kwenye bandeji, naye mgonjwa akapona papo hapo.

Kocha aliweka simu za timu nzima ndani ya foronya, na foronya ilifunguliwa saa kumi alasiri kwa saa moja tu. Saa kumi na dakika moja, kila siku, simu ya Komeo iliita.

"Hali yako, mgonjwa wangu?"

"Mbaya, daktari. Leo nimekula sahani mbili."

"Dalili za mapenzi hizo."

"Za njaa. Usijipendekeze."

"Mimi nimezidiwa, kipenzi. Leo nusura nifunge plasta mguu usiovunjika."

"Wa mwanamke?"

"Wa babu wa miaka sabini."

"Afadhali. Ningemwonea wivu."

Katika simu ya nne wakatunga sheria. Komeo akipiga nyasi mara mbili, anguko ni la uongo, machela ije polepole. Asipopiga, ni kweli, ije mbio. Waliiona sheria nzuri sana. Watu wawili wenye akili timamu, mmoja wao anayesomea mifupa, hawakukumbuka kwamba anayeumia kweli hupiga chochote kilicho karibu.

Robo fainali, dakika ya themanini na nne, wanaongoza bao moja kwa bila, wachezaji wa akiba wamekwisha. Komeo alirukia mpira, mshambuliaji akamwangukia, na kifundo cha mkono wa kushoto kikalia. Akapiga nyasi kwa mkono wa kulia. Moja, mbili.

Kijana aliishia kuhesabu hapo. Akamgeukia mjomba akitabasamu.

"Kimbia," alisema mjomba.

"Taratibu, mjomba. Hii naijua."

Akasimama kufunga kamba ya kiatu. Watazamaji wakacheka, naye akawapungia. Mwamuzi aliona wabebaji wanatabasamu, akakumbuka sifa za kipa huyu, akatoa kadi ya njano kwa kupoteza muda na kuamuru mchezo uendelee. Machela ikarudishwa kabla haijafika. Komeo akainuka, kwa kuwa miguu haikuwa na tatizo. Kona iliyofuata ilipita mkononi mwake kana kwamba mkono ule ameazimwa, na bao likasawazishwa. Kwenye penalti hakuzuia hata moja. Wakatolewa.

Bwenini alikaa ukingoni mwa kitanda, plasta mpaka kwenye kiwiko, akitazama beki wa kati akikunja jezi.

"Lia basi," alisema beki.

"Sina."

"Huna nini?"

"Cha kulilia."

Foronya ilipofunguliwa, simu yake iliita mara kumi na nne. Alizihesabu bila kupokea, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine.

Asubuhi ya safari ya kurudi kwao, kocha alimpeleka hospitalini plasta ikaguliwe. Aliyefungua mlango wa chumba alikuwa kijana, koti jeupe, macho mekundu. Kocha alimtambua, akamtazama kwa muda ambao vitabu vya adabu haviuruhusu, kisha akatoka na kuwaachia chumba.

Kijana akakagua vidole kimoja kimoja.

"Nilihesabu mbili," alisema, "nikageuka."

"Nilipiga kama tisa."

"Mjomba ameniambia. Yeye aliendelea kuhesabu."

"Nilikuona unawapungia watu. Nikasema, kumbe ananicheka."

"Nilikuwa na furaha tu. Nilidhani tunacheza mchezo wetu."

"Najua sasa." Aliongea kama anayesoma orodha ya nguo za dobi. "Na mwamuzi nilimfundisha mwenyewe kutoniamini. Sikulaumu. Ila nikuambie kweli? Nakutafuta moyoni, sikuoni. Wewe, timu, hata lile bao. Nimekufa ganzi."

"Ganzi huisha."

"Ikiisha?"

Kijana angeweza kumdanganya, na ujuzi alikuwa nao. "Huanza maumivu," alisema.

Komeo akachukua begi lake kwa mkono mzima. Hakumkumbatia. Kijana hakumwomba.

Siku ya kumi na tisa baada ya hapo, saa saba mchana, kijana akiwa kwenye ngazi za hospitali na mikono imekauka plasta, simu iliita.

"Imeanza," alisema Komeo.

Kisha akalia, kilio kibaya chenye kamasi, kisichofaa hata kidogo kwa hadithi za mapenzi. Kijana akaketi kwenye ngazi. Wagonjwa wakampita kulia na kushoto. Hakumwambia anyamaze.

"Bado upo?" Komeo aliuliza mwishowe.

"Nipo."

"Umechoka kusikiliza?"

"Bado."

Komeo akapenga kamasi, akaendelea.