Jirani wa Nyuma ya Ukuta

Jioni hiyo baba alinituma nikachukue sufuria.

"Nenda kwa yule mama wa nyuma," alisema. "Mwombe kwa heshima, usije ukanitia aibu. Mwambie tunataka kupika."

Tulikuwa na wiki mbili tu katika nyumba ile. Vyumba sita, bomba moja, choo kimoja, na kamba za nguo zilizopishana uani hadi ukitaka kwenda kuoga unapita umeinama kama mwizi. Mimi ni mpiga pasi kwa dobi. Nasimama toka asubuhi mpaka vifundo vinavimba. Baba alikuwa tarishi wa posta. Miaka thelathini alisambaza barua kwa miguu, na hakuna alichojivunia kuliko miguu hiyo. "Mbwa wote wa mji huu wananijua kwa visigino," alipenda kusema. Mmoja alimjua sana, akamng'ata cha kushoto. Tangu hapo kisigino hicho alikuwa akikiburura kidogo.

Chumba tulikipata kwa bei ambayo hata dalali aliitaja akiangalia pembeni. Aliyetutoa wasiwasi ni msusi wa chumba cha mbele, mwanamke mcheshi aliyewasuka wateja wake mlangoni. Ukimsemesha aligeuza kichwa akakupa sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limekufa. "Hamieni tu, shoga yangu," aliniambia. "Hapa tunaishi kama ndugu."

Kuta za mle hazikufika kwenye bati. Juu paliachwa uwazi wa kupitisha mkono, na kupitia hapo ulisikia kila kitu: nani anakohoa, nani kanuna, nani kalala na njaa. Chumba cha nyuma yetu mlango wake ulitazama uchochoroni, kwa hiyo mwenyewe hatukuwahi kumwona. Tulimsikia tu. Giza likianza kuingia, wapangaji wengine walifunga milango na kuongeza sauti za redio. Ndipo ilipokuja ile sauti ya mama mtu mzima, ya chini, kama ya mtu aliyetoka kuugua.

"Mzee wangu... niazime chumvi."

Baba alipanda stuli, akaiweka chumvi juu ya ukuta. Mkono ukaichukua. Kesho yake kiberiti. Kesho kutwa chanuo. Kisha sufuria yetu ya pekee.

"Mkono wake wa baridi," baba aliniambia. "Maskini, atakuwa anafua mchana kutwa."

Basi nikazunguka nyuma. Uchochoro ulikuwa mwembamba, unaupita kwa ubavu. Maji ya sabuni yalitiririka katikati, na paka mmoja alinitazama, akaruka ukuta. Nikahesabu milango hadi nikaufikia wa kwake.

Nikasimama.

Ulikuwa umepigiliwa mbao mbili, za kukingamana. Misumari ilikuwa imeota kutu. Kwenye kufuli nyigu walikuwa wamejenga kiota, kikubwa kama ngumi.

Nikadhani nimekosea. Nikahesabu tena. Sikuwa nimekosea. Nikaweka jicho kwenye ufa.

Harufu ilinipiga kwanza. Ile ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni, zikaoza na maji yake. Kazini kwetu tunaijua. Kisha macho yakazoea. Hakukuwa na kitanda. Hakukuwa na kiti. Sakafu tupu, vumbi la miaka, bila alama hata ya panya. Na katikati ya vumbi hilo, vimepangwa mstari: chumvi yetu, kiberiti chetu, chanuo letu, sufuria yetu.

Mtu, hakuna.

Halafu, mle mle ndani, mbele ya macho yangu...

"Mzee wangu."

Nikabana jicho zaidi kwenye ufa.

"Mzee wangu... niazime mguu. Nifike mahali mara moja. Nitaurudisha."

Ng'ambo ya ukuta nikamsikia baba akicheka. Kicheko chake kile cha kukohoa. Mungu wangu, baba alidhani ni utani!

"Chukua, mama, chukua!" alisema. "Chukua huu wa kushoto. Umeshachoka kubeba barua za watu."

"Baba, usimpe!" nilipiga kelele.

Nikasikia stuli ikianguka.

Hospitali walisema kiharusi. Daktari alimgonga goti, akamchoma vidole vya mguu kwa sindano, akakuna kichwa. "Kwa kawaida hushika upande mzima," alisema. "Huu mguu peke yake... tutaangalia." Walitupa vidonge, wakaturudisha nyumbani. Baba alijilaza, mguu uko pale pale kitandani, una nyama na kucha zake, lakini ni kama wa kuchongwa. Hata joto haukuwa nalo.

Siku ya tatu, mwanga ukiwa bado dirishani, tukasikia hatua nyuma ya ukuta.

Ta... shrrr.

Ta... shrrr.

Baba alinishika mkono. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka masikioni.

"Naujua unavyoburura kisigino," alinong'ona. "Ule wangu, mwanangu. Ule ni mguu wangu."

Nilitoka mbio hadi chumba cha mbele. Msusi alikuwa akifunga mizigo, ameshakunja godoro. Sijui kitu gani kilinituma, lakini sikumwita kwa sauti. Nilisimama upande wake wa kushoto, nikanong'ona:

"Unahama, shoga?"

Aligeuka.

Tukatazamana. Naye akajua kwamba nimejua.

"Sikio limefunguka lini?" nikamwuliza.

Alikaa juu ya godoro. "Jioni ile baba yako alipoanguka," akasema. "Nilikuwa nikisuka. Ghafla nikasikia redio kwa masikio yote mawili. Nikalia mpaka mteja akanishangaa."

"Kwa hiyo wewe..."

"Nilikaa chumba chenu kabla yenu. Aliniomba sikio, nikacheka, nikampa. Kama baba yako." Alijifuta pua kwa ukosi wa gauni. "Nani asingecheka? Hapa tunaombana kila kitu, mpaka ndoo ya kuogea. Baadaye nikamwomba anirudishie. Akasema atarudisha akipewa kingine, na mtu mwingine."

"Ni nani yule?"

"Sijui. Wengine wanasema ni mpangaji aliyeugua mle, akawa anaomba maji juu ya ukuta, na nyumba nzima ikajifanya haisikii. Walipokuja kufungua mlango, harufu ilishafika barabarani. Lakini watu wanasema mengi."

"Ungeniambia. Neno moja tu ungeniambia!"

"Aliyenikaribisha mimi naye hakuniambia." Akanyanyua godoro lake. "Usinitazame hivyo, dada. Ngoja yakufike."

Alihama siku hiyo hiyo, hakuaga mtu. Nami nikamhamishia baba kwenye chumba chake cha mbele. Kuondoka mtaa ule kabisa sikuweza. Ningeuachaje mguu wa baba? Asubuhi nilimwogesha, nikamgeuza, nikakimbilia pasi. Jioni nilimkuta amejikokota hadi mlangoni, viwiko vimechubuka. Mtu aliyeujua mji mzima kwa nyayo sasa alikuwa akiomba kupelekwa chooni, na akiomba huku ametazama ukuta kwa aibu.

Jumapili moja dalali akaleta mpangaji wa kile chumba tulichohama. Msichana mwembamba, mwalimu wa watoto wadogo, mizigo yake begi moja na boksi la vitabu vya picha. Alikuwa na sauti ya ajabu. Hata akifagia aliimba, zile nyimbo za watoto za kupiga makofi, na wapangaji ambao hawakuwa wakisalimiana walijikuta wakitabasamu.

Alinikuta bombani.

"Shikamoo, dada. Majirani wa hapa wakoje?"

Nilifungua mdomo. Nakuapia, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ndipo nikasikia baba akianguka ndani, kishindo kizito, na kisha kimya cha mtu anayeuma meno asilie.

"Marahaba," nikasema. "Wazuri. Ukiombwa kitu, mdogo wangu, usiwe mnyimi."

Hayo niliyasema mimi. Kwa mdomo wangu huu.

Siku tisa aliimba. Jioni ya kumi nilikuwa nikimenya viazi, naye akaanza wimbo wa kuhesabu vidole. Moja. Mbili. Tatu...

Ukakatika.

Nilingoja ya nne. Haikuja. Nyuma yangu kitanda kikalia. Baba alikuwa amesimama. Amesimama kwa miguu miwili, mikono kaitandaza kama mtoto, anacheka na kulia kwa pamoja. "Mwanangu! Mwanangu, tazama!" Akatembea hadi mlangoni, akarudi, akamshukuru Mungu kwa majina yote anayoyajua. Mimi niliendelea kumenya. Kisu kilinikata, sikusikia maumivu.

Mlango ukagongwa. Bila hodi.

Alikuwa mwalimu. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza, na hakuna kilichotoka, hata pumzi haikuwa na sauti. Alishika daftari la mistari mipana, wanalojifunzia watoto kuandika. Akalinyoosha mbele yangu. Baba, aliyewasomea barua watu wasiojua kusoma maisha yake yote, akalisoma kwa sauti kwa mazoea tu, kabla hajaelewa.

"Ulijua?"

Baba akanitazama. Nikatazama viazi.

Baba hakulirudia swali. Alivaa viatu, akamshika mwalimu mkono, wakatoka.

Sasa baba anatembea kila siku. Anazunguka mji mzima na yule binti, wakitafuta wa kumtibu, na jioni hurudi kulala tu. Vidonge hataki. Chakula changu hataki. Haniiti mwanangu tena. Akilazimika kunisemesha, ananiita "mpangaji".

Nami nakaa peke yangu nikisikiliza. Nyuma ya nyumba, giza likiingia, mtu anaimba nyimbo za watoto. Mwanzo alikosea maneno. Siku hizi hakosei.

Jana alihesabu vidole vyote kumi. Kisha akanyamaza. Kisha, kwa sauti ile tamu ya mwalimu, akaniita kwa jina langu.

Haikutoka chumba kile. Ilitoka juu ya ukuta huu, hapa ninapoegemeza kichwa.

Sijaitika bado.