Mkojo wa Gramu Themanini

Kwa siku sita ratiba ya Wambeti haikubadilika. Alitoka nyumbani kwa shangazi yake mjini Embu, akafika hospitalini kabla ya saa mbili asubuhi, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama alivyoelekezwa, kisha akaketi kando ya kitanda namba nne. Mama yake aliinuka, akanyoosha mgongo, akaenda kuoga, kunywa chai na kulala kidogo. Wambeti alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na shule zilikuwa zimefungwa. Muuguzi msimamizi, Sista Karwirwa, alikuwa amemkubalia kukaa wodini kwa sharti moja: asifanye jambo ambalo hajaelezwa.

Kitandani alilala mdogo wake, Nyaga, mtoto wa miezi saba. Wiki iliyotangulia, huko kwao nje ya Siakago, Nyaga alihara na kutapika kwa siku tatu mfululizo. Alifika hospitalini akiwa amekauka kama ukuni. Madaktari walimrudishia maji mwilini akapona kiu, lakini figo zake zilikuwa zimekwisha kupata pigo, nazo ziligoma. Hakukojoa hata tone. Maji yote yaliyoingia yalibaki ndani. Uso ulivimba, miguu ikavimba, na maji yakaanza kutafuta njia ya kuingia kwenye mapafu.

Ndipo alipowekwa kwenye dayalisisi. Daktari Kaimenyi alipitisha mrija mwembamba kwenye tumbo la mtoto, chini kidogo ya kitovu. Kila saa, wauguzi walimimina humo mililita mia moja na hamsini za maji maalumu, wakayaacha yakae, kisha wakayafungulia yatoke kwenye mfuko. Yalipopimwa yalikuwa mia moja na themanini, wakati mwingine zaidi.

"Yale ya ziada yametoka wapi?" Wambeti alimuuliza Sista Karwirwa siku ya kwanza.

"Mwilini mwake. Maji yetu yana sukari, na sukari huvuta maji. Pia yanatoka na uchafu ambao figo zingeutoa. Tunazifanyia figo kazi mpaka ziamke."

"Mtajuaje zimeamka?"

"Nepi itatuambia." Sista alimwonyesha mizani ndogo juu ya meza. Kila nepi ya kitambaa ilikuwa imepimwa ikiwa kavu na kuandikwa uzito wake pembeni kwa wino usiofutika. "Kinachoingia mwilini tunaandika. Kinachotoka tunaandika. Nepi isiondoke hapa kabla ya kupita kwenye mizani, hata ikiwa inanuka namna gani. Umesikia?"

"Nimesikia, Sista."

Alikuwa amesikia kweli. Lakini siku ya sita, mama alipokuwa ametoka, Nyaga alijichafua. Nyumbani Wambeti alilelewa asiache nepi chafu ikae. Kwao maji yalichotwa mbali, na alizoea kufua nepi nne kwa nusu karai. Hapa palikuwa na sinki na mfereji uliotiririka bila kukatika. Mikono ilifanya ilichozoea. Alimbadilisha mtoto, akaipeleka nepi sinkini, akaifua, akaikamua, akaisuuza mara mbili. Ilipokuwa nyeupe kabisa ndipo alipokumbuka mizani.

Alisimama pale, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Je, ilikuwa na mkojo? Hakujua. Labda ilikuwa na unyevu. Alisikia viatu vya Sista Karwirwa vikija kutoka upande wa mlango, na jambo la kwanza lililomjia kichwani ni kwamba angefukuzwa wodini, mama abaki peke yake bila mtu wa kumpokea. Alichukua nepi nyingine iliyo kavu, akaimwagia maji ya kikombe, akaiweka juu ya meza.

Sista aliipima. Akaitoa, akairudisha, akaipima tena.

"Mia moja na arobaini. Toa sitini za nepi." Aliinua uso. "Gramu themanini. Wambeti, huyu mtoto amekojoa."

Habari ilizunguka wodi kabla Sista hajamaliza kuandika. Mama Oscar, mwanamke kutoka Laare aliyekuwa na mtoto kitanda namba tano, alipiga makofi matatu. "Sasa hivyo ndivyo mwanamume anavyofanya. Kimya siku sita, halafu anafungua bomba." Mama yake Wambeti aliitwa kutoka kwenye chai yake. Aliketi kitandani, akaweka kiganja kwenye mguu wa mtoto, akatabasamu. Wambeti hakuwa amemwona hivyo tangu watoke Siakago.

Daktari Kaimenyi aliitazama nepi. "Haina rangi."

"Kabisa," alisema Sista.

"Figo zikianza kuamka, mkojo unaweza kuwa kama maji. Tusimamishe dayalisisi kwa sasa tuone zitafanya nini zenyewe. Na maziwa muongeze kidogo."

Mrija ulifungwa. Wambeti alifungua mdomo, akaona uso wa mama yake, akafunga mdomo. Alijiambia kwamba labda nepi ile ya kwanza ilikuwa na mkojo kweli, tena mwingi. Aliendelea kujiambia hivyo hadi adhuhuri. Hakurudi kwa shangazi kula. Kila nusu saa aliingiza mkono chini ya Nyaga, na kila mara nepi ilikuwa kavu.

Saa nane mtoto alianza kupumua haraka. Saa tisa matundu ya pua yake yalikuwa yakitanuka na kubana, na ngozi ya katikati ya mbavu ilikuwa ikizama ndani kila alipovuta pumzi. Sista Karwirwa alimpandisha kwenye mizani kubwa. Alikuwa ameongezeka gramu mia moja na hamsini tangu asubuhi.

Daktari aliitwa. Aliweka mashine ya oksijeni, akasoma karatasi ya vipimo kutoka juu hadi chini, akairudia.

"Hesabu hii haikubali," alisema. "Mtoto aliyekojoa hivi hawezi kuongezeka hivi." Alimgeukia mama. "Mama Wambeti, nakuomba uniambie bila kuficha. Umempa mtoto maji?"

"Sijampa."

"Hata kijiko? Wazazi wengi huwahurumia."

"Daktari, ningetaka kumuua ningemwacha Siakago. Sijampa."

Mama Oscar aliinamisha macho kwenye shuka alilokuwa akilikunja, lakini hakuendelea kulikunja. Wengine walimtazama mama yake Wambeti kwa namna ambayo watu hutazama mtu wanayemfikiria mwongo.

"Basi itabidi nitafute sababu mahali pengine," daktari alisema. "Pengine ni moyo. Nitampa dawa nyingine."

"Si moyo," Wambeti alisema.

Sauti yake ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Si moyo, na mama hajampa maji. Yale ya kwenye nepi ni maji ya mfereji. Nilifua nepi kabla haijapimwa, nikaogopa, nikalowesha nyingine."

Hakuna aliyemzomea. Daktari Kaimenyi alimuuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo tangu asubuhi huna hakika kama amekojoa?"

"Sina. Hii ya sasa ni kavu. Zote za mchana zilikuwa kavu."

Daktari aliichukua karatasi, akapiga mstari mmoja juu ya themanini, akaandika saa na kutia sahihi. "Fungueni mrija. Tumieni maji yenye sukari zaidi. Maziwa yapunguzwe kama jana." Sista Karwirwa alikuwa tayari amekwisha kutundika mfuko.

Mzunguko wa kwanza ulitoa mia moja na tisini. Wa pili, mia mbili na tano. Mama alisimama upande mmoja wa kitanda na Wambeti upande mwingine, wakitazama maji yakidondoka mfukoni. Kufikia saa kumi na mbili mbavu hazikuzama tena.

"Mama," Wambeti alianza.

"Nyamaza kwanza, ahesabiwe pumzi." Sista alipomaliza kuhesabu na kuondoka, mama ndiye aliyeongea. "Kwa kufua hukukosea sana. Umesahau, na mtu husahau. Kulowesha ndiko kulikokuwa kosa. Na kunyamaza tangu asubuhi, hata ulipoona anahema, hilo ni kosa jingine juu yake."

"Nilidhani utafurahi."

"Nilifurahi. Furaha ya saa chache tu. Ona bei yake." Alimsogezea kiti. "Keti. Hujala tangu asubuhi."

Hakufukuzwa. Asubuhi iliyofuata Sista Karwirwa alimkuta mlangoni akisita kuingia, akamwambia aingie, mikono hainawi yenyewe.

"Kairitu," Mama Oscar alimwita, yaani msichana, "leo nitapima tena baada yako. Sokoni kwetu Laare hata mtu akiapa kwa kanisa, kilo yake tunaipima tena." Wambeti alicheka kidogo. Kisha aliona kwamba Mama Oscar hakuwa anatania kabisa, na alikubali kwamba alistahili hivyo.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, nepi ya Nyaga ilikuwa na unyevu. Wambeti hakuita mtu. Aliibeba kwa mikono miwili mpaka mezani, akaiweka kwenye mizani, akamngoja Sista asome mwenyewe.

"Gramu kumi na moja," alisema Sista Karwirwa. "Hata kijiko cha mezani hazijazi."

"Ni kidogo sana?"

"Ni kidogo. Lakini ni mkojo wake." Sista aliandika, akaweka kalamu, akamgeukia Wambeti. "Sikiliza nikwambie, kwa sababu utakuwa mtu mzima na utaaminiwa vitu vikubwa kuliko nepi. Siku ile ungeniambia, 'Sista, nimeifua, sijui,' ningekugombeza dakika moja na kuandika kwamba hatujui. Tungeendelea na dayalisisi, maana asiyejua huenda polepole. Lakini uliniletea themanini, tukawa tunamtibu mtoto mwingine ambaye hayupo, na huyu aliyepo tukamwacha azame. Kosa lako likitoka mapema, sisi wengine tunapata nafasi ya kulirekebisha. Ukilifunika, unatuziba macho sote."

"Nimeelewa, Sista."

"Vizuri. Nenda ukamwambie mama yako ni kumi na moja. Usiongeze hata moja."